Salamu Zilizomfunika Tumpe

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeingia ndani ya kundi letu la wafugaji wa kuku, lile la kwenye simu, kwa miguu yangu mwenyewe na viatu vyangu vya shambani. Sikushangaa. Nilijipangusa matope mlangoni kama mtu aliyelelewa.

Ndani ni darasa la shule ya msingi. Wanachama wote wamekaa kwenye madawati, kila mmoja ameishia mabegani, kakatwa mduara kama picha yake ya kwenye simu. Wasioweka picha ni wa kijivu. Mmoja ni pikapu nyeupe. Imekaa dawati la nyuma na inafuatilia mada vizuri kuliko wengi wetu.

Mlangoni amesimama Kanuni ya Kwanza. Ni baba mnene mwenye tai, kifuani kaandikwa SALAMU KWANZA.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Pita."

Kanuni hii naipenda, sifichi. Siku hizi watu wanavamia na maswali yao kana kwamba kwao hakukuwa na mama.

Mara anaingia Tumpe, mgeni aliyejiunga juzi tu. Kamfunga kuku kwenye khanga kama mtoto mchanga. Shingo ya kuku imepinda, uso unatazama mkiani.

"Jamani, kuku wangu wanakufa! Wengine wamekufa leo asubuhi, hawa waliobaki sijui niwafanyeje. Nisaidieni!"

Nikakohoa kidogo, nikasema kwa upole kabisa, "Dada, salimia kwanza."

Tumpe akamweka kuku vizuri. "Hamjambo, wapendwa?"

Sasa, humo ndani kila salamu ni lazima ijibiwe na kila mtu, na kila jibu lina uzito wake. "Hatujambo" ya kwanza ilimwangukia begani, kubwa kama gunia la pumba. Ikafuata "Salama, za kwako?", ikafuata "Amina", ikafuata "Karibu kundini mpendwa", kisha ua jekundu la kututakia Jumatatu njema, na leo ni Alhamisi. Pikapu ikapiga honi. Majibu yalimfika Tumpe kiunoni, yakamfika kidevuni, akabaki kuku peke yake juu.

Kuku akanipa mgongo ili apate kunitazama.

"Haya ndiyo mapokezi?" akaniuliza.

"Ni utaratibu," nikamjibu.

Upande wa pili Ambakisye, bwana mifugo wetu, alikuwa akijibu swali. Tuliliona jibu lake likimtoka mdomoni, dogo, jeupe, halina maua. Halikufika popote. Amina tatu ziliangukia juu yake, nalo likapotea chini ya rundo.

Watu wakaanza kuvutana. Huku wanasema mgeni hana adabu, kule wanasema sisi tuna roho mbaya. "Msimamizi afunge mjadala!" akapiga kelele mmoja wa wale wa kijivu. Hapohapo kufuli likaingia, likijikokota sakafuni.

"Nimeitwa," likasema. "Nimfunge nani?"

Ndipo alipokuja Sekela, msimamizi wetu. Miaka yote nimemfahamu kwa jina tu. Ukiniondoa mimi na Tumpe, kundi zima ni yeye peke yake mwenye miguu. Kavaa kandambili, kabeba ndoo ya maji ya sabuni na kitambaa.

"Subiri, kaka Kufuli," akasema. "Ukifunga sasa, swali linabaki huku na jibu linabaki chini kule."

Kufuli likatafuta dawati, likakaa.

Sekela anainama, anaanza kuziondoa salamu moja moja. Hazitupi. Anaipangusa kila moja, anaipanga dirishani. "Hizi nzuri, tutazipokea jioni," anasema, na hata lile ua la Jumatatu analipa nafasi yake. Yale maneno ya roho mbaya anayafuta midomoni mwa wenyewe, anasuuza kitambaa, anahamia dawati la pili, wala hasemi nani alisema nini. Nilimwangalia nikaguswa. Watu mia wanakulalamikia kwa pamoja, nawe unauliza tu, "Nani anayefuata?" Mimi nyumbani kwangu nashindwa kuamua ugomvi wa rimoti.

Darasa sasa ni shamba la migomba na mvua inanyesha. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kanuni ya Kwanza akamzibia njia. "Lakini Sekela, si wewe mwenyewe uliyeniandika?"

"Ni mimi. Nilikuandika ukae mlangoni ukaribishe watu, baba. Sikukuandika uwakalie."

Yule baba akalegeza tai, akapisha.

Chini kabisa ya rundo, jibu la Ambakisye lilikuwa bado linapumua. Sekela akalinyanyua kwa mikono miwili, nalo likasema, "Hicho ni kideri, hakina dawa. Tenga wazima sasa hivi, usichanganye vyombo vya maji. Mimi nakuja kuwaangalia." Tumpe alikwishatoka mbio kabla halijamaliza.

Kisha Sekela akanijia mimi.

"Shikamoo, kaka Mwaisumo."

"Marahaba."

"Lete mdomo."

Akanifuta "Dada, salimia kwanza" yangu yote, taratibu, kona hadi kona.

"Usinune," akasema.

"Sijanuna."

"Umenuna."

Nikaamka. Sharubu zangu zilikuwa zimelowa chapachapa, zinanukia sabuni ya mche.

Nikachukua simu. Jana jioni, chini ya swali la Tumpe, niliandika maneno yangu yale. Sasa pameandikwa: Ujumbe huu umefutwa na msimamizi. Chini yake lipo jibu la Ambakisye, na chini ya hilo, Tumpe kaandika alfajiri: "Hamjambo, wapendwa? Samahanini, jana nilisahau."

Nikajibu haraka, maji yakidondokea kioo.

"Sijambo, dada. Kuku hawajambo?"

"Waliobaki hawajambo," akaandika. "Wanakula."