Mabati Sita ya Dada Yangu

Kila neno nitakaloandika hapa ni la kweli, na kama nadanganya, kalamu hii inikaukie mkononi. Naanza hivyo kwa sababu nawajua. Mtaa mzima mmezoea kusema, "Hayo ni ya Mzee Mita, gawa kwa tatu." Safari hii msigawe. Safari hii nimesalitiwa, tena na watu wangu, na mtu aliyesalitiwa hana nafasi ya kutia chumvi.

Jina la Mita nilipewa kazini. Miaka thelathini na moja nimepita nyumba kwa nyumba nikisoma mita za umeme, nikikimbizwa na mbwa wa kila rangi, mpaka wakanistaafisha mbwa wakiwa bado na hamu na mimi. Siku hizi nakaa peke yangu. Ukuta kwa ukuta anakaa dada yangu mdogo, mjane, anayefuga kuku.

Huku kwetu ni bara, ndani kabisa. Bahari tunaiona kwenye kalenda. Ndiyo maana Jumanne ile saa tisa alasiri, upepo ulipoanza kutupa ndoo uani, hakuna aliyeshtuka. Tulidhani dhoruba ni shida za watu wa pwani. Ulidumu robo saa tu. Redio yangu ilikuwa dirishani inasoma habari, upepo ukaichukua ikiwa hewani, na mwenye duka wa mtaa wa tatu ameniapia kwamba alisikia utabiri wa hali ya hewa ukipita juu ya kichwa chake. Jogoo wangu aliondoka na manyoya, akarudi hana. Nguzo saba za umeme zililala barabarani kama walevi. Nyumba yangu ilibaki kama sufuria isiyo na mfuniko. Kitu pekee ambacho upepo ulikiheshimu ni choo changu cha uani. Hakikutikisika hata msumari, naomba mlikumbuke hilo.

Kwa dada mambo yalikuwa mabaya zaidi. Banda liliangukia kuku wake wa mayai, hakupona hata mmoja. Na upande wa mbele wa paa lake, juu ya chumba chenye mita na mashine ya kutotolea vifaranga, mabati yote yaling'oka kwa pamoja, yakaruka kama mkeka. Ndani ya mashine kulikuwa na mayai mia na ishirini, siku yao ya kumi na tano. Yai la kuku linataka siku ishirini na moja za joto. Umeme ulikuwa umekatika.

"Kaka," aliniambia jioni ile, amesimama katikati ya vifusi na blanketi mabegani, "hawa waliomo kwenye mayai ndio waliobaki. Wakifa hawa, sina pa kuanzia."

Basi akaanza kazi ambayo sijawahi kuona. Aliyahamishia mayai kwenye beseni, akayazungushia chupa za maji ya moto, akafunika mablanketi, jiko la mkaa pembeni, na turubai juu ya kichwa. Kila baada ya saa moja anabadilisha maji. Analigusisha yai kwenye kope ya jicho kupima joto lake. Hakutoka nje siku tatu. Mimi nilimsaidia. Nililala na mayai kumi tumboni mchana mzima, na kama mambo yangekwenda sawa leo ningekuwa naitwa mama.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo usaliti unapoanzia.

Mtaani kwetu, paa likiruka, mabati yote hukusanywa kwenye uwanja wa shule. Hakuna anayegusa mpaka watu wote wafike. Kisha fundi seremala anapima. Bati lina matundu ya misumari, na matundu hayo yanafuata papi, zile mbao za paa ambako lilikuwa limepigiliwa. Unapeleka bati kwenye paa, matundu yakilingana na papi, ni lako, yasipolingana, rudisha. Huwezi kubishana na tundu.

Fundi wetu anaitwa Futi, kwa sababu ile futi yake ya chuma haitoki mfukoni hata msibani. Rafiki yangu wa miaka arobaini. Ndiye aliyeezeka nyumba yangu na ya dada. Kwangu alipiga papi kwa nafasi kubwa, maana nilimwambia mbao si za kupamba. Kwa dada alizipiga karibu karibu. Marehemu shemeji alikuwa mtu mwoga wa upepo, tulimcheka sana. "Unataka paa au unataka chanuo?" nilimwuliza. Yeye akasema, "Mke wangu atalala hapa," akaongeza papi nyingine.

Jumatano alfajiri nilifika uwanjani wa kwanza. Mabati yangu yalikuwa yamejikunja, moja limejiviringisha kwenye mti kama sigara. Ya dada yalikuwa yamelala hapo yamenyooka kama shuka zilizopigwa pasi, kwa sababu ya ile misumari mingi ya shemeji.

Na mimi nilijua kitu ambacho dada hakukijua. Mafundi wa umeme hawaungi waya kwenye nyumba ambayo chumba chenye mita hakina paa. Ndiyo sheria. Mwenye bati anapata umeme, asiye na bati anasubiri awamu ya pili, na awamu ya pili naijua mimi niliyekuwa ndani: ni wiki sita, ukiwa na bahati.

Nilichukua mabati sita. Sita, naapa. Chumba changu chenye mita kinatoshwa na sita.

Nia yangu ilikuwa nzuri kabisa. Nilisema moyoni, nikishapata umeme nitavuta waya nimpe na dada. Halafu nikakumbuka kwamba nikimpa waya lazima aingie ndani kwangu, na akiingia ataangalia juu. Basi nia nzuri nikaiweka kando kwanza.

Futi alipokuja na nyundo akayaangalia yale mabati, akakuna kichwa.

"Haya si ya kwako, Mita."

"Ya dada. Kaniazima."

"Kakuazima? Na yeye?"

"Anasubiri mapya. Piga, bwana, jua linapanda."

Akapiga. Hakuuliza tena. Na jioni nilipopita kwa dada, aliniuliza bila kuinua macho kwenye beseni, "Yangu umeyaona huko, kaka?"

"Yamepelekwa mbali sana na upepo, mdogo wangu. Kuna watu wameyaona yakivuka mto."

"Basi," akasema. "Endelea kuniangalizia."

Ijumaa saa tano kikosi cha umeme kikafika mtaani na nguzo mpya. Msimamizi wao alikuwa ananijua tangu kazini. Akatazama paa langu, akatazama turubai la dada, akatikisa kichwa. "Kwako tunaunga, mzee wangu. Huyu mama itabidi asubiri awamu ya pili." Saa sita taa yangu ikawaka. Jokofu likaanza kunguruma. Nilikaa kwenye kiti nikajiona waziri.

Dakika ile ile mlango ukagongwa. Dada, na beseni mikononi, blanketi juu, na shangazi wa jirani nyuma yake amebeba ile mashine.

"Kaka, Mungu mkubwa! Una umeme! Fungua, yanapoa, mkaa umeniishia."

Nikafungua upana wa pua.

"Ngoja kidogo. Kuna nyoka ndani."

"Nyoka gani?"

"Mkubwa. Aliletwa na upepo."

"Nitampita."

"Halafu umeme wenyewe ni mdogo, mdogo wangu. Wameuleta kwa majaribio. Ukichomeka mashine utarudi ulikotoka."

"Kaka." Sauti yake ilikuwa imekauka. Siku tatu hakuwa amelala. "Leo ni siku ya kumi na nane. Nimeyasikia yanagonga ndani. Sogea."

Niliongea karibu nusu saa. Nilimweleza nyoka rangi yake, urefu wake, na ukoo wake wote. Shangazi wa jirani alichoka akaitua mashine chini. Mwishoni dada alisukuma mlango kwa bega, beseni limekumbatiwa kifuani, akaingia.

Hakuangalia juu. Alikuwa na haraka. Alichomeka mashine, akapanga mayai moja moja, akaongeza maji kwenye kikombe cha ndani, akasubiri mpaka taa nyekundu iwake. Nikaanza kupumua. Ndipo alipoinama kuokota blanketi, akaiona sakafu yangu.

Ilikuwa saa saba na jua lilikuwa utosini. Sakafuni palikuwa na vidoa vya mwanga, mstari baada ya mstari, karibu karibu, kama mtu aliyeshona. Ni matundu. Futi alipigilia kwenye papi zangu chache. Mistari mingine ya misumari ya shemeji ilibaki wazi, na jua likaingia kusema yote. Hata jua, jamani! Nililoliota tangu nizaliwe, nalo likanisaliti.

Dada alifuata vidoa kwa kidole. Alitoka akarudi na Futi, aliyekuwa nyumba ya tatu anapima mlango.

"Fundi, mabati haya ni ya nani?"

Nilimkonyeza Futi mpaka jicho likauma. Miaka arobaini ya urafiki! Nilimsimamia harusi yake, nilimfundisha kuendesha baiskeli. Neno moja tu la kuniokoa!

"Si ni yako, mama?" akasema. "Si ulimwazima?"

"Nilimwazima?"

Futi akageuka kunitazama. Nikaona uso wake ukielewa, polepole, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Akaitoa futi mfukoni, akapima kutoka kidoa hadi kidoa, ingawa hakuna aliyemwomba. "Hizi ni papi za marehemu," akasema. "Mita, ulinipigisha nyundo kwenye uongo."

"Upepo ndio uliyaleta," nikasema. "Naapa. Yalitua yenyewe hapo juu, Futi akaja kukazia tu."

"Na misumari nayo ililetwa na upepo?"

Shangazi wa jirani akacheka. Dada hakucheka. Nilijiandaa moyoni alie au anitukane, maana matusi nayaweza. Alikaa kwenye kiti changu cha uwaziri, akaweka mikono yake mapajani. Ilikuwa imebabuka kwa maji ya moto.

"Unajua kwa nini sikwenda uwanjani?" akaniuliza. "Futi alinitumia salamu mara mbili, niende nikachague. Nikamwambia sina haja. Kaka yangu yuko kule."

Nilitafuta hadithi, nikapata blanketi lake tu, nikalikunja.

"Na pale mlangoni," akasema, "ulikuwa unayasikia yanagonga, kaka? Mimi nilikuwa nayasikia."

Siku tatu zilizofuata mashine ilikaa kwangu, na yeye akakaa nayo. Hakunisemesha. Akitaka chumvi anamwomba shangazi wa jirani aniombe mimi niliyesimama hapo hapo. Jumatatu vifaranga sabini na mmoja wakatoka, wananuka unyevu, wamenikanyaga miguuni kana kwamba sina kosa. Mayai arobaini na tisa hayakutoa kitu. Yaliuawa na zile siku tatu za beseni au na ile nusu saa ya nyoka, hakuna anayejua. Dada anajua. Aliyazika uani kwake, upande wa dirisha langu.

Jumanne, wiki moja kamili tangu upepo, Futi alikuja na ngazi akaiegemeza ukutani kwangu. "Mimi sipandi," akasema. "Nilipiga kwa mkono wangu, wewe utang'oa kwa wako." Nikapanda, na miaka yangu sitini na minane. Niling'oa msumari mmoja mmoja. Kikosi cha umeme kikaja kukata waya wangu kabla sijashuka. Msimamizi hakuniita mzee wangu. Nikayabeba mabati mpaka kwa dada, nikampandishia Futi moja moja, naye akayapigilia kwenye papi zile zile, kila msumari kwenye tundu lake la zamani.

Saa kumi dada alikuwa na paa na nimesikia waya wake unaungwa kesho. Mimi nilikuwa uani kwangu na gogo na nyundo ya mbao, nanyoosha yale mabati yangu yaliyojikunja, naanza na ile sigara.

Ndipo dada alipokuja. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akanisemesha mwenyewe.

"Kuna pengo pembeni. Juu ya jiko."

"Upepo, mdogo wangu," nikasema. "Nilichukua sita, nimerudisha sita. Nimeapa hata kwenye maandishi."

"Yalikuwa saba."

Futi akaja nyuma yake. Alivuta ile futi yake taratibu, akapita kando yangu na gogo langu, akaenda mpaka kwenye choo, kile ambacho upepo ulikiheshimu. Akafungua mlango akatazama sakafuni, kwenye jua la jioni.

"Karibu karibu," akasema.

Nimeweka nyundo ya mbao chini, nimechukua ile ya chuma. Napanda.