Fundi wa Kuanguka

Mama Dobi hakuwa mtu wa kungoja. Pale hospitalini alikosimamia chumba cha kufulia, mashuka yalipotoka kwenye mashine yalimkuta amekwisha kunja mikono ya gauni, na mfanyakazi aliyeanza kueleza kwa nini kachelewa alimaliziwa sentensi yake kabla hajavuta pumzi ya pili. "Mtoto kaumwa, gari limeharibika, vaa aproni." Ndivyo alivyokuwa kazini, na nyumbani ni vilevile. Kwa miaka mingi jambo hilo halikumdhuru mtu, maana mumewe naye alikuwa na mdomo wa kujitosheleza.

Mdomo huo ndio uliokuwa kazi yake. Kila kulipokuwa na onyesho kubwa la mieleka, mojawapo ya yale ya kulipia yanayorushwa kutoka mbali, mzee aliingia redioni jioni hiyohiyo na kuchambua pambano moja baada ya jingine: nani kafanya kazi, nani kazembea, nani kapewa ushindi kwa sababu ya sura tu. Alijiita Refa wa Kochi, kwa kuwa hajawahi kukanyaga ulingo maishani. Watu walimpenda. Vinyozi walizima mashine zao wamsikie.

Kisha kikaja kiharusi. Kilichukua mkono wa kulia, kikaurudisha. Kilichukua maneno, na hayo kikayarudisha nusunusu, kama mwizi aliyeingiwa na huruma njiani. Kichwani yalikuwemo yote. Mdomoni yalifika machache, tena yamechoka.

Mtaalamu wa usemi alimwambia Mama Dobi jambo moja tu. "Usimmalizie maneno, mama. Mwache ayatafute mwenyewe, hata akichelewa."

"Nimeelewa," alijibu Mama Dobi, na kweli alielewa. Walipofika getini mumewe akafungua mdomo. "Ma... ma..." Kabla hajafika popote, chupa ya maji ilikuwa mkononi mwake, imekwisha funguliwa. Mzee alitaka magazeti, yaliyokuwa yametundikwa pale kwa muuzaji. Aliyanywa yale maji kwa adabu.

Wiki hiyo mwendesha kipindi cha michezo alipiga simu. Alikuwa mwanamke mwenye heshima zake, ila siku hiyo hakuzunguka mbuyu. "Mama, mzee nampenda, unajua. Lakini wakubwa wangu wamechoka kungoja. Jumamosi kuna onyesho. Nitampigia jioni, aongee akiwa hapohapo nyumbani. Akiweza, kiti ni chake. Asipoweza, kuna mwingine ameshakikodolea macho."

"Ataweza."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize ya nini? Ataweza."

Alipokata simu alimwona mumewe kasimama mlangoni. Kasikia yote. Akarudi chumbani bila neno, na safari hii haikuwa kwa kuyakosa.

Jumamosi mchana binti yao alikuja kuwaunganishia televisheni. Alilipia onyesho, akavuta pazia ili jua lisipige kwenye kioo, akawaanikia mashuka uani kwa kuwa mama yake alimkuta amesimama bure, kisha akachukua mkoba wake. "Nawahi zamu. Baba, ukimshindwa mama, mgongee kiti cha kukunja kama wale jamaa zako."

"Pita huko," alisema Mama Dobi. "Asiyekubali kushindwa si mshindani, mwambie baba yako."

"Nani hakubali kushindwa nyumba hii, mama?" Binti aliondoka akicheka.

Mama Dobi akakaa pembeni ya kochi na beseni la mataulo ya kukunja. Mieleka hakuipenda. Kwake ilikuwa watu wazima waliovaa chupi wakidanganyana hadharani. Pambano la kwanza lilimkutanisha jitu moja lililoitwa Ghala na kijana mwembamba aliyeitwa Utambi. Utambi alirushwa kutoka kona hadi kona kama nguo kwenye mashine.

"Umelionaje pambano hili?" aliuliza Mama Dobi, kwa sauti laini aliyokuwa ameifanyia mazoezi.

Mumewe alifungua mdomo. Akaufunga. Maneno yalimkimbia kama mende taa ikiwashwa.

"Basi nikwambie mimi," alisema mkewe, maana ulaini wake haukuwa na akiba. "Huyu Utambi mwoga. Anaanguka hata kabla hajaguswa."

"Si... si mwoga."

"Si mwoga, ni mgonj..."

"Nyamaza."

Neno lilitoka zima. Halikuwa na mkwaruzo. Mama Dobi, ambaye kwa kawaida kumwambia nyamaza kungemgharimu msemaji chakula cha jioni, alinyamaza kwa mshangao.

"Anayeanguka," alisema mumewe, akiinyooshea televisheni kidole, "ndiye... ndiye fundi. Ghala hawezi kurusha mtu. Utambi anaruka mwenyewe. Anampa... anampa mwenzake nguvu."

Mama Dobi alitazama tena, sasa kwa jicho lile analotumia kukagua madoa. Kweli. Kabla ya kila kurushwa, miguu ya Utambi ilisukuma sakafu kidogo. Mkono wa Ghala ulitangulia chini ya kisogo chake, na kiganja cha Utambi kilipiga turubai la ulingo ili mshindo usikike kuliko maumivu. Yule mwembamba alikuwa akifanya kazi ya watu wawili, na makofi yote yalikwenda kwa yule mkubwa.

Pambano la pili walipigana wanawake, Bibi Harusi na Mwalimu wa Zamu. Mama Dobi alidai refa kamdhulumu Bibi Harusi kwa kukatisha hesabu ya ushindi ilhali mpinzani wake alikuwa kabanwa mabega yote mawili. Alisema kwa moyo mmoja, bila hila, na alikuwa amekosea kabisa.

"Mguu!" Mumewe alipiga kochi. "Mguu ulikuwa kwenye kamba. Akigusa kamba... hesabu inakatwa. Huoni?"

Hapo ndipo Mama Dobi aliposhika uzi. Ukimuuliza kwa upole, anabaki mtupu. Ukikosea mbele yake, hawezi kuvumilia; maneno yanavunja mlango. Alikunja taulo moja polepole, akiifikiria dawa hiyo. Ubaya wake ni kwamba mgonjwa anapona na mwuguzi anaonekana mjinga.

Pambano la tatu alikosea makusudi. Alimsifu bingwa kwa viatu. Akasema yule mwenye ndevu ndiye kijana kuliko wote katika timu yake, na kwamba kumgonga mtu kwa kiti nyuma ya mgongo wa refa ni halali mradi kiti ni cha kukunja. Mumewe alimrekebisha, akakwama, akarudi, akamrekebisha tena, hadi jasho likamtoka. Mama Dobi alikuwa anaumwa meno kwa kuyabana. Mara tatu alilijua neno analolitafuta mzee, na mara tatu alilimeza.

Lakini pambano la mwisho lilimsahaulisha hila zote. Kinyozi, bingwa mwenye desturi ya kumnyoa kila mpinzani anayeshindwa naye, alipambana na mkongwe mmoja waliyemwita Mtulivu. Katikati ya pambano Mtulivu aligonga paji la uso kwenye chuma cha kona, na alipoinuka uso ulikuwa umebadilika.

Mama Dobi alisimama, taulo likaanguka. "Hiyo damu, baba watoto. Hiyo ni ya kweli. Rangi hubaki nyekundu. Tazama inavyogeuka kahawia pale kwenye turubai."

"Najua."

"Nimefua damu tangu nimetoka chuo, mimi huwezi..."

"Najua, mama watoto."

Wakatazama, magoti yakigusana. Mtulivu angeweza kulala chini pale, na hakuna ambaye angemlaumu. Alifuta jicho moja, akasimama, akampa Kinyozi shingo yake kama walivyopatana. Naye Kinyozi akampokea taratibu, akimnong'oneza kitu sikioni, akamshusha chini kama mtu anayelaza mtoto asiamke. Refa akahesabu. Kinyozi akainuliwa mkono. Ukumbi mzima ulisimama, ukimtazama aliye chini.

Mashine ya kunyolea ililetwa. Kinyozi akaitupa nje ya ulingo.

Simu iliita kabla hata hawajazima televisheni. Mama Dobi akaiweka mezani, akaongeza sauti, akakaa na mikono chini ya mapaja.

"Wasikilizaji, ahadi ni deni. Yupo nasi mwenyewe. Refa wa Kochi, karibu tena nyumbani. Onyesho la leo umelionaje?"

Mama Dobi alifumba macho. Kati ya maswali yote duniani, kachagua hilohilo la upole.

"Li... li..." alisema mumewe. "Li..."

Redioni ukimya ni mrefu kuliko kwingine. Mama Dobi aliliona neno limekaa palepale, 'lilikuwa, lilikuwa zuri', na ulimi wake ulisukuma meno. Akimmalizia, mji mzima utasikia mke akimsemea mumewe, na kesho kiti kina mtu mwingine. Akimwacha, ukimya utafanya kazi hiyohiyo. Mzee alikuwa amekwisha geuza uso kuelekea ukutani, na mkono wake ulikuwa ukitafuta kitufe cha kukata simu.

Wafanyakazi wa zamu ya jioni kule hospitalini walikuwa wameiweka redio juu ya mashine ya kukaushia. Alijua hivyo kwa sababu mwenyewe ndiye aliyewaamuru wasikilize.

Akainama kwenye simu.

"Dada, samahani, mimi mkewe. Huyu kakasirika, ndiyo maana hasemi. Tumegombana. Mimi nasema lile pambano la mwisho ni usanii mtupu. Ile damu ilikuwa rangi."

Mkono wa mumewe ulisimama hewani. Akageuka, akamtazama. Mama Dobi hakupepesa jicho.

"Rangi?" alisema mzee.

"Rangi. Ya dukani."

Puani kwake kikatoka kicheko kidogo, ambacho hakikuwa kimesikika katika nyumba ile tangu arudi kutoka wodini. "Wewe. Mtu wa dobi. Useme... rangi." Akaivuta simu karibu. "Wasikilizaji, msimsikilize. Ile ni damu. Mtulivu alipasuka kweli. Angeweza kulala. Kasimama, kampa mwenzake... kampa shingo. Na Kinyozi akamshika kama... kama..."

Mama Dobi alichukua ncha ya taulo akaiuma.

"Kama yai," alisema mzee. "Watu wanasema mieleka uongo. Haya. Uongo gani huu, mtu anatokwa jasho lote hilo ili... asimwumize mwenzake? Mkanda kachukua Kinyozi. Pambano ni la aliye chini."

Sauti ya mwendesha kipindi ikarudi, imelegea kidogo. "Na pambano la kwanza, Refa? Ghala na Utambi?"

Mzee akavuta pumzi. Mkewe aliona midomo ikitafuta neno bila kulipata.

"Ghala ana nguvu, jamani," alidakia Mama Dobi. "Kamrusha mtoto wa watu kama karatasi."

"Ghala hawezi kubeba ndoo ya maji," alisema mumewe, na studio nzima ikasikika ikicheka.

Wakaendelea hivyo. Si upesi, kuna mahali alikwama hadi mwendesha kipindi akatia wimbo mfupi, na kuna jina moja la mpiganaji alilolikosa kabisa akaishia kumwita yule wa ndevu. Mama Dobi alianguka mara nne. Kila mara alichagua mahali, akasukuma sakafu kidogo, akaruka.

"Refa," alisema mwendesha kipindi mwishoni, "onyesho lijalo tukupigie?"

"Pigeni. Na huyu... awepo. Hajui kitu."

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Mama Dobi.

Simu ilipokatwa, ujumbe ukaanza kumiminika kutoka zamu ya jioni. *Mama, rangi ya dukani inatoka kwa sabuni gani?* Mwingine: *Tumeona shuka lina rangi, tulitupe?* Akasoma jumbe hizo mbili, akaigeuza simu kifudifudi. Jumatatu atawaonyesha rangi ya dukani.

Mzee alikuwa amejilaza kochini, amechoka kama aliyetoka ulingoni yeye. "Umeanguka... vizuri," alisema.

"Nilisukumwa."

"Hapana. Uliruka... mwenyewe."

Alikuwa na jibu. Alikuwa na majibu matatu. Akayaacha, akaokota taulo lake akaanza kulikunja. Mumewe alimtazama, kisha akatazama dirishani, pembeni mwa pazia, akainua kidole.

"Ma... ma..."

Mama Dobi hakwenda kuleta maji. Hakukisia magazeti. Alikaa palepale akamngoja, uso umetulia, mikono imetulia, kama alivyoambiwa na mtaalamu.

"Ma... ma..."

"Polepole, baba watoto. Sina haraka."

"Mashuka," alisema mzee hatimaye, akiridhika. "Uani. Mvua."

Kumbe ilikuwa ikinyesha muda wote huo. Mama Dobi aliruka juu, akapotea mlangoni, na sauti yake ikarudi kutoka uani ikiwa imerejea ukubwa wake wa kawaida: "Sasa hili nalo ulishindwa kuonyesha kwa kidole?"

"Si ulisema," mumewe alijibu kutoka kwenye kochi, bila kukwama popote, "huna haraka."