Mahali pa Chumvi

Majirani walimwita Hamahama, na wala hakuwa na kinyongo nalo jina hilo. Alikuwa fundi cherehani, na katika nyumba yake ndogo hakuna kiti kilichowahi kukaa sehemu moja mpaka kikazoeleka. Leo meza iko chini ya dirisha, wiki ijayo utaikuta imejibanza karibu na mlango, na kabati la vyombo limegeuzwa mgongo ili kugawa sebule. Mumewe, aliyekuwa mwoka mikate, alitoka alfajiri na kurudi mchana akiwa hoi. Kuna siku alijibwaga kwenye kochi ambalo halikuwepo. Alikaa pale sakafuni kidogo, akauliza tu kwa upole limehamia wapi.

Pesa ya kununua vitu vipya Hamahama hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni mikono na jicho. Magunia matupu ya unga ambayo mumewe alikuja nayo kutoka kazini aliyafua na kuyachemsha mpaka maandishi yakafifia, akashonea foronya za mito. Kreti mbovu alizipiga msasa zikawa rafu. Vipande vya vitambaa vilivyobaki kwa wateja, vile ambavyo hakuna anayevidai, viligeuka zulia la viraka. Na kila kitu kipya kilipoingia, vingine vyote ilibidi visogee kukipisha. Alikuwa amelelewa kwenye chumba kimoja chenye watu wengi, ambamo magodoro yakishatandikwa hapabaki pa kuweka mguu. Kusogeza kiti kwake kulikuwa namna ya kujihakikishia kwamba sasa ana nafasi.

Ndipo mama mkwe akaja kuishi nao.

Mama huyo alikuwa mpishi wa shule ya bweni maisha yake yote ya kazi, mtu wa masufuria ambayo huepuliwa na watu wawili. Macho yake yalianza kufifia kutokea pembeni, taratibu, mpaka daktari akawaambia kwamba kilichokwenda hakitarudi. Kilichobaki ni mwanga wa dirisha na vivuli vya watu wanaopita. Hakuwa tena wa kukaa peke yake, kwa hiyo mwanawe alikwenda kumchukua.

Hamahama alimpokea kwa moyo mweupe. Alimtengea chumba chenye hewa, akamshonea mto wa kuegemea, akamchagulia kiti kile chenye mikono na kukiweka dirishani ili mwanga umpige usoni. Kila mama mkwe aliponyoosha mkono kushika kazi, aliambiwa apumzike, kazi amefanya za kutosha. Akinyanyuka kufuata maji, maji yanamfuata yeye. Mama mkwe alishukuru kila mara. Alikuwa na shukrani nyingi mno, na Hamahama alizichukua zile shukrani kama dalili kwamba mambo yanakwenda vizuri.

Asubuhi moja aliona sebule imepooza. Mama mkwe alikuwa bado amelala. Hamahama akalivuta kochi chini ya dirisha, akakisogeza kile kiti upande wa pili kwenye upepo, akalihamishia kabati njia ya kwenda msalani, maana pale lilipokuwa lilikula ukuta bure. Alipomaliza alisimama mlangoni akatazama, akaridhika. Mama mkwe alipoamka, Hamahama alimshika mkono, akamketisha kwenye kiti, akampa chai, akamwambia amepabadilisha kidogo. Halafu akabeba sare za wanafunzi alizokuwa ameshona akaenda kuzikabidhi. Hakukusudia kukawia, lakini mteja alitaka zijaribiwe zote.

Aliporudi alimkuta mama mkwe amesimama katikati ya sebule, mkono mmoja umeng'ang'ania ukingo wa kabati, gauni limelowa hadi chini. Miguuni pake palikuwa na dimbwi. Hakuwa analia. Uso wake ulikuwa umeelekezwa kwenye mwanga kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Nilikuwa naenda," alisema. "Nyumba ikanikimbia."

Hamahama alimpeleka kuoga, akambadilisha nguo, akapiga deki. Waliporudi sebuleni mama mkwe alimwomba radhi kwa kumchafulia zulia, na ile radhi ilimchoma kuliko matusi. Kabla mumewe hajarudi alikuwa amekwisharudisha kila kitu kilipokuwa, akitokwa jasho, akihakikisha miguu ya kabati inakaa kwenye alama zilezile za vumbi.

Lakini kitu kilikuwa kimevunjika. Tangu siku ile mama mkwe alikuwa hatoki chumbani bila kuita. Aliomba ruhusa ya kusimama. Alianza kula kidogo na kunywa maji kidogo zaidi, na Hamahama alijua ni kwa nini. Mumewe aliona mama yake anapungua, akadhani ni umri. Hamahama alimweleza ukweli wote, bila kujipunguzia. Mume alisikiliza, kisha akasema mama yake hajawahi kuwa mtu wa kuombaomba.

Hamahama alianza na alichokijua, yaani kushona. Aliamua kumrudishia mama mkwe jiko. Akashona vikoti vya kitambaa kwa kila kopo na kuvitia vifungo: chumvi kifungo kimoja, sukari viwili, majani ya chai vitatu, na kuendelea mpaka unga wa ngano, uliokuwa na vifungo safu mbili kama koti la askari. Vikapendeza. Akayapanga makopo kwenye rafu za kreti kwa kimo, kubwa likifuatiwa na dogo, akamwita mama mkwe na kumwelekeza mikono.

Mama mkwe alipapasa kopo moja baada ya jingine. Alihesabu, akasahau, akaanza upya. Mwishowe akaangua kicheko, cha kwanza tangu aingie nyumba ile.

"Mwanangu, umenipa hesabu," alisema. "Mimi nataka chumvi."

Hamahama naye akacheka, ingawa shingo ilimwaka moto. Akauliza afanyeje basi. Mama mkwe akaanza kusimulia jiko la shule. Mvuke mle ndani ulikuwa mzito, humwoni mwenzako, na kazi ilienda. Upawa ulikuwa na msumari wake. Chumvi ilikuwa mkono wa kulia wa jiko, chini ya kiwiko, na aliyethubutu kuisogeza alisikia habari yake. Hakuna aliyekuwa akisoma kopo. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe.

"Usiniambie kitu ni kipi. Niambie kinakaa wapi, na kikae hapo."

Wakapanga upya, na safari hii mama mkwe ndiye aliyekuwa akitoa amri. Chumvi kulia kwa jiko. Sukari mbali kabisa, rafu ya juu upande wa mlango, ili hata kwa bahati mbaya zisikutane. Mafuta kwenye chupa yenye shingo nyembamba, yasije yakamwagika kwa wingi. Kisu kilale nyuma ya ubao wa kukatia, mpini ukielekea mlangoni, makali yakitazama ukuta. Vitunguu ndani ya kikapu sakafuni, pale mguu unapokigusa kabla ya kukikanyaga. Sufuria moja tu ya kila saizi. Nyingine zote ziwekwe uvunguni, kwa sababu vyombo vingi, alisema, ni sawa na watu wengi wanaoongea kwa pamoja.

Hamahama alitii, ila jicho lake liliumia. Kopo refu lilikaa kando ya fupi, la bluu kando ya lenye kutu, na ukutani misumari ilisambaa bila mpangilio wowote anaoujua. Mara mbili tatu mkono wake ulikwenda kulinyoosha kopo la chumvi lilingane na jirani yake, akauvuta nyuma.

Chakula cha kwanza kilikuwa wali na maharage. Mama mkwe alipika polepole, akiegemeza nyonga kwenye ukingo wa meza kama mtu anayejua bandari yake. Aliisikiliza sufuria. Alijua maji yamekauka kwa mlio, na vitunguu vimeiva kwa harufu. Hamahama alisimama nyuma yake, mikono ameifumbata kwa nguvu ili isimsaidie. Mumewe aliporudi kutoka kazini na kufika mlangoni alisimama na kiatu kimoja mkononi. Ile harufu aliijua kabla hajajua kusoma. Aliingia, akaketi, akala sahani mbili, kisha akaenda kunawa uso ingawa alikuwa amekwishanawa.

Siku zikaenda hivyo mpaka wifi alipokuja bila taarifa. Wifi huyu, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa na duka la viatu na nyumba yenye nafasi, na alimpenda mama yake kwa namna ya watu wenye haraka. Alimkuta mama yake jikoni, anakoroga mboga, moto unawaka, na Hamahama yuko sebuleni kwenye cherehani. Uso ukamkunjamana. Alimpokonya mama mwiko, akamketisha, na kwa vile hakuwa mtu wa kukaa bure akaosha vyombo vyote na kupanga jiko liwe safi machoni pake. Makopo aliyapanga kwa kimo. Alikuwa akisema huku akifanya: atamchukua mama, kwake kuna msichana wa kazi, kuna kitanda karibu na redio, kipofu hawezi kuachiwa moto.

Hamahama alisikia makopo yakigongana. Alipofika jikoni alikuwa amekwishachelewa. Mama mkwe, aliyekuwa hajazoea kusemewa, alikuwa ameinuka kuendelea na kitunguu alichokuwa hajamaliza kukata. Mkono wake ulikwenda nyuma ya ubao ukakuta makali mahali pa mpini. Kidole kilichanika kidogo. Damu ikadondoka mezani.

"Umeona?" wifi alimgeukia Hamahama. "Hiki ndicho nilichokuwa nasema."

Hamahama alikuwa tayari amekibana kidole kwa kitambaa. Hasira zilimjaa, lakini alipofungua mdomo zilikuja pamoja na aibu, kwa sababu alijua yeye mwenyewe ni nani hata aseme.

"Wifi, kisu hakikulala hivyo. Wewe umekigeuza. Na mimi nilihamisha zaidi ya kisu. Nilimhamishia kabati akajikojolea sebuleni, peke yake, mimi nikiwa nimetoka. Kwa hiyo sikulaumu. Nakwambia tu tulikofika."

Wifi alimtazama mama yake, kama anayetaka akanushe. Mama mkwe hakukanusha. Alikaa akiwa ameinua kile kidole, damu ikikatika.

"Kwako nitatunzwa, najua," alisema kwa sauti ya chini. "Nitaletewa chai kitandani. Hapa asubuhi mkwe wangu huniuliza tupike nini. Muda mrefu hakuna aliyeniuliza hivyo."

Mboga ilianza kushika chini, na ni mama mkwe aliyeisikia kwanza. Akamwambia binti yake aepue. Wifi akaepua. Kisha, akiwa bado amevuta mdomo, akauliza chumvi inakaa wapi, na mama yake akamwonyesha kwa kiwiko.

Sitaki mdhani kwamba waliagana kwa vicheko. Wifi aliondoka akiwa na wasiwasi wake, na kwa muda alipiga simu kila jioni kuuliza kama mama ameungua. Lakini mara ya pili alipokuja alibeba mfuko wa vitunguu, akasimama kwenye kizingiti cha jiko, akasubiri aambiwe auweke wapi.

Hamahama naye hakugeuka mtu mwingine. Mikono ilimwasha. Kuna siku alizunguka sebuleni akivipima viti kwa macho mpaka mama mkwe, aliyekuwa akimsikia nyayo, akamwambia kuta ni zake, afanye anavyotaka. Sakafu tu ndiyo amwachie. Basi akahamia ukutani. Alipaka rangi iliyobaki kwa fundi jirani, akatundika vikapu vya zamani, akabadilisha picha kila alipojisikia.

Ilipofika zamu ya mapazia alimletea mama mkwe vipande vya vitambaa achague, na alitaja rangi za kila kimoja. Mama mkwe hakutaka kusikia rangi. Alivipitisha vyote katikati ya vidole, akarudia, akakishika kimoja, kizito, chenye nyuzi zilizovimba kidogo, akakiweka shavuni. Alisema hicho.

Kilikuwa na rangi ya kutu iliyochanganyika na kijani, rangi ambayo wateja watatu walikwishaikataa. Hamahama alikitazama, akavuta pumzi, akakitia chini ya sindano. Walipokitundika dirishani mwanga uliingia ukiwa wa ajabu, kama wa ndani ya chupa ya dawa, na mumewe aliporudi aliuliza kama kuna mtu anaumwa. Mama mkwe alikuwa amesimama kando ya pazia, analishika pindo, analiacha, analishika tena.