Ndama wa Nosim

Mwalimu Gaudiosa, wa chekechea moja pembeni mwa Rudewa, alikuwa na mdomo mwepesi, na safari hii ulimponza.

Kila mtoto alikuwa na kipande chake kwenye tuta la mchicha. Nosim, binti wa wafugaji, wa miaka mitano na mwenye mwezi mmoja tu shuleni, alikizungushia chake matawi ya miiba. Alisema michicha ile ni ndama, na ndama hawalali nje ya boma. Wenzake wakanogewa, kufika saa nne tuta zima lilikuwa boma, na darasa zima linalia kama ndama.

"Hii ni bustani, Nosim," mwalimu akasema. "Mambo ya ng'ombe yaache huko huko kwenu." Akaiondoa miiba yote, akaitupa nyuma ya choo.

Asubuhi wakakuta tuta limechakurwa, mchicha umelala juani mizizi nje. Yared, mtoto wa wakulima, hakusita: ni ng'ombe wa kina Nosim. Maneno hayo aliyatoa nyumbani, maana huko wakulima na wafugaji hawaivi kwa sababu ya mashamba. Watoto wakasogea kando, Nosim akabaki peke yake.

Gaudiosa aliyaona manyoya kwenye udongo, akayatambua. Walikuwa kuku wake mwenyewe, kutoka nyumba ya mwalimu iliyo hatua chache tu kutoka pale. Alijua pia kwamba mama yake Nosim alimleta mtoto kwa kusitasita, na neno hili likimfikia hatamrudisha tena. Yote hayo aliyajua, na bado akanyamaza. Mtu mzima anawaonea aibu watoto wa chekechea!

Nosim akachuchumaa, akaukagua udongo. "Hakuna kwato hapa," akasema taratibu. Kisha akamwinulia macho. "Nisamehe, mwalimu. Ndama sikuwafungia."

Gaudiosa alitamani ardhi ipasuke immeze. Darasani kwake mkosaji husimama mbele na kuomba radhi, basi naye akasimama, mikono nyuma, kama anavyowasimamisha wao.

"Ni kuku wangu," akasema. "Na miiba niliiondoa mimi. Nosim, nisamehe."

Watoto wakaitikia kwa pamoja, kama walivyozoea, kwamba wamemsamehe. Yared aliwashinda wote kwa sauti.

Nosim alikuwa ameshakwenda nyuma ya choo, akarudi akiburuta tawi la miiba.

"Tuanzie upande wa kwako, mwalimu," akasema.