Fahali wa Hashimu

Asubuhi niliwafundisha kidato cha pili kitenzi cha Kiingereza, unleash. Niliwaambia kinazidi kufungulia. Ni kuachia kitu kilichofungwa, mbwa au hasira, kikamrukie mtu.

Mchana nikakuta tuta langu limeporomoka na kabichi zote ziko bondeni. Hashimu, jirani yangu hapa Vuga milimani, alikuwa ameng'oa majani ya guatemala yanayoshika udongo ukingoni, akamlisha fahali wake. Sikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nilichukua panga, nikaingia bandani kwake, nikakata kamba. Mimi ni mtu wa Tanga mjini. Nilidhani fahali atavamia kabichi za Hashimu mwenyewe, ngoma iwe droo.

Lakini ng'ombe wa huku hachungwi. Hufugwa bandani tangu ndama, na chakula hukiona kikija juu ya kichwa cha mtu. Yule hakuzitazama kabichi. Alitimka njiani kumfuata Hashimu, aliyekuwa anapandisha mlima na mzigo wa majani kichwani.

Pembe iliingia chini ya mbavu. Fahali alimwinua, akambwaga kwenye mawe, akamrudia tena na tena mpaka mayowe yakakatika. Mimi nimesimama tu, kipande cha kamba mkononi.

Niliposogea niliona majani yale ni miche ya guatemala, yenye mizizi na udongo mbichi. Hashimu alikuwa ananiletea ya kupanda kwenye tuta langu.

Fahali alisimama juu yake, akaanza kula.