Tarero, Fundi Seremara

Mtaani wananiita Nukta, na jina hilo nimelitafuta mwenyewe. Mimi ni mchora mabango. Ukiniletea maneno yenye makosa nitakurekebishia bure, na kukusimanga nitakusimanga bure vilevile. Adui yangu mkubwa ni R inayokalia kiti cha L.

Mungu naye ana utani wake: nimelelewa na shangazi, dada wa marehemu baba, ambaye L haimo kabisa kinywani mwake. Aliniimbia nirare, akanihimiza nire nishibe.

Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, shangazi alitaka jambo moja tu: amwone mdogo wake kabla giza halijafunga. Walipotezana ujanani, kila mmoja akifuata kazi upande wake. Nikamwambia kazi hiyo aniachie mimi, msomi wa ukoo. Nikazunguka ofisi za vizazi na vifo nikiulizia akina Talelo, kwa L mbili kama cheti changu kinavyosema. Karani mmoja aliniuliza kama nimejaribu kuliandika jina vinginevyo. Nilimtazama kwa huruma, nikamjibu kwamba jina letu tunalijua. Kila nikirudi nyumbani shangazi aliuliza kama nimempata, nami nikamwambia mvumilivu hula mbivu.

Katikati ya hayo, seremala mmoja wa barabara ya pili akaniletea maneno ya bango lake: VITANDA VYA KURARA, MEZA ZA KURIA, TARERO FUNDI SEREMARA. Nilicheka mpaka brashi ikanidondoka. Nikamsahihishia kila R iliyopotea njia, isipokuwa zile za jina. Jina la mtu, nilimwambia kwa ukarimu mwingi, ni mali yake hata likiwa bovu.

Siku ya kumpeleka shangazi kwa daktari wa macho tukapita mbele ya karakana ya seremala huyo. Kwa kuwa yeye haoni mbali, na mimi nisiposifiwa siku haiendi, nilisimama nikamsomea kazi yangu kwa sauti. Vitanda vya kulala. Meza za kulia. Tarero.

Shangazi akanifinya mkono. "Mbona umetaja jina retu?"

"Hapana, shangazi. Hilo lina R."

"Ndiyo. Retu."

Nikafungua mdomo nimsahihishe, nikabaki nao wazi.

Hakuningoja. Aliifuata sauti ya randa mpaka ndani, akiita jina la utani ambalo sijawahi kumsikia akilitaja. Mzee aliyekuwa akipiga msasa mguu wa kiti nyuma ya mbao akasimama polepole.

"Dada?"

Shangazi alimshika mashavu, akamvuta karibu kabisa na uso wake mpaka akamwona. Walilia, na mimi nikalia, ingawa machozi yangu mengi yalikuwa ya aibu. Baba mdogo wangu alikuwa akiishi kwa mwanawe huyo seremala, na kila asubuhi aliota jua chini ya bango langu. Huko alikokwenda, karani aliandika alivyosikia. Huku kwetu, aliyemwandikisha baba alikuwa mtu wa tabia zangu, akazisahihisha R zikawa L.

Waliponyamaza, ule ugonjwa wangu ukanipanda tena. Nikawauliza jina letu hasa ni lipi, Talelo au Tarero.

Wazee wakatazamana.

"Mwanangu," akasema shangazi, "umetaja jina moja mara mbiri."