Pumzi ya Kuvuta Bia
…mara moja tu, Clifford anajiambia, vuta kwa nguvu mara moja, bia ya kujitengenezea ipande kwenye mpira mwembamba kutoka kwenye ndoo halafu iteremke yenyewe kwenye chupa, ndivyo ulivyofanya kila mwezi wa kumi kwa miaka thelathini na mmoja, tena na sigara nyuma ya sikio, na leo mpira uko mdomoni na bia imepanda kidogo ikarudi zake kwenye ndoo, mzee mzima, aibu… usikohoe sasa, ukikohoa ndani ya mpira utavuruga mashapo yote ya chini, na siku tano za kuingoja bia itulie zitakuwa kazi bure, siku tano ambazo Maureen hakuthubutu hata kuwasha mashine ya kufulia isije ikatingisha meza, mke gani huyu, na magoti yale mabovu amepiga magoti sakafuni na chupa zake juu ya magazeti, nusu kijiko cha sukari kila chupa ili bia itoe povu, hazidishi, tangu mwaka ule waliotia sukari mara mbili, yeye asubuhi, Maureen mchana, kila mmoja akidhani mwenzake kasahau, chupa zikalipuka moja moja chini ya ngazi kasisi akiwa sebuleni anakunywa chai, na Maureen bila haya akasema ni panya, panya!… usicheke, Cliff, siku hizi kicheko huzaa kikohozi, "Umelala na huo mpira?" Maureen anauliza, "maana unaunyonya kama mtoto mchanga," "Nakusanya pumzi, mwanamke, niache," anajibu mpira ukiwa pembeni mwa mdomo, pumzi ipi, Alhamisi daktari aliinua picha ya kifua chake kwenye mwanga akaonyesha vumbi la makaa ya mawe, mgodi wenyewe alikochimba umefungwa miaka sita lakini vumbi halijaambiwa, na kuhusu kufika Krismasi daktari akasema tusiahidiane, naye akarudi nyumbani akasema mafua tu, mpenzi, akaomba chai, mwongo mkubwa, kwani angeanzaje… "Hizi hazikai chini ya ngazi," Maureen anasema, "nimezipatia nafasi kwenye joto, kando ya boila la maji moto, zitanyweka baada ya wiki mbili," na Clifford anautoa mpira mdomoni, "Wiki mbili? Siku zote tunangoja Krismasi," "Mwaka huu hatungoji," anasema Maureen bila kuinua kichwa, anamimina sukari, nayo inamwagika kwenye magazeti… Maureen anajua, tangu lini anajua, pengine tangu Alhamisi ile ile alipompokea koti mlangoni, na siku zote hizi kila mmoja anamlinda mwenzake kwenye nyumba ya vyumba vinne, wapumbavu wawili, na anampenda, Mungu wangu, anavyompenda, bia bado imetulia kwenye ndoo, chupa bado tupu, na Clifford anaufuta mpira kwa shati lake, anamnyooshea, "Vuta wewe, mpenzi, polepole," na anajua kwamba Maureen akishavuta, yeye atamwambia yote aliyoyasema daktari, hata yale mkewe anayoyajua tayari.